PACKWOOD: NYUMBA YA MITI NA UKUTA WA NYUKI

Katika jimbo la Warwickshire, katikati ya nchi ya Uingereza, si mbali na mji mkubwa wa viwanda wa Birmingham, iko nyumba ya zamani iitwayo Packwood. Nyumba hii si kasri la mfalme, wala si ngome ya vita. Ilijengwa katika nusu ya pili ya karne ya 16 kuwa makao ya ukoo wa Fetherston, watu wenye shamba na mali ya kadiri, ambao hawakuwa miongoni mwa wakuu wa nchi.

Wageni wengi waendao Uingereza hupelekwa kuyatazama makasri yenye minara na dhahabu, wakaonyeshwa jinsi wafalme walivyoishi. Packwood humfundisha mgeni jambo jingine, nalo ni jinsi mwenye shamba alivyojenga kwa vitu vilivyopatikana karibu naye, na jinsi hata ukuta wa bustani yake ulivyofanywa kuwa na kazi. Ukuta wa Packwood haukujengwa ili kuzuia wezi na mifugo tu. Ulikinga upepo, uliivisha matunda, na ulikuwa makao ya nyuki. Nyumba na ukuta huo vyafaa kuelezwa pamoja, kwa maana kila kimoja chaonyesha akili ya mafundi wa zamani.

NYUMBA ILIYOJENGWA KAMA JAHAZI

Mtu aitazamaye Packwood kutoka nje leo huona kuta zilizopakwa lipu, mapaa yaliyochongoka, na dohani ndefu za matofali. Huenda akadhani kwamba nyumba yote ni ya mawe au matofali. Sivyo. Chini ya lipu hiyo mna mifupa ya miti ya mwaloni, na mifupa hiyo ndiyo ibebayo uzito wa nyumba.

Katika siku zile fundi mkuu wa nyumba ya namna hii alikuwa seremala, wala si mwashi. Alichagua miti yake ingali msituni, akaikata na kuichonga ingali mbichi, kwa sababu mwaloni ukikauka huwa mgumu mno hata shoka hurudi. Kisha alizilaza boriti za ubavu mmoja wa nyumba juu ya uwanja, akazipima na kuziunganisha pale chini, akatia alama katika kila kiungo. Alama hizo mara nyingi zilikuwa tarakimu za Kirumi, maana ni rahisi kuzichora kwa patasi, nazo zaonekana hata leo katika nyumba nyingi za miti za Uingereza. Baada ya kuhakikisha kwamba kila boriti imekaa mahali pake, alizifungua zote, akazipeleka kwenye kiwanja, na watu wakazisimamisha kwa kamba na nguvu za mikono.

Viungo vya boriti hizo havikutegemea misumari ya chuma. Ncha ya boriti moja ilichongwa ulimi, na boriti ya pili ikachimbwa tundu la kuupokea ulimi huo. Halafu kiungo kilitobolewa na kupigiliwa kigingi cha mti mkavu. Seremala hodari hakulitoboa tundu la ulimi sawasawa na lile la boriti ya pili. Aliliachisha kidogo, ili kigingi kipitapo kiuvute ulimi ndani kwa nguvu. Kadiri mti ulivyokauka mwaka baada ya mwaka, viungo vilizidi kushikana. Basi nyumba ya namna hii huweza kupinda na kuinama kidogo kwa uzee, lakini haianguki, kama vile jahazi lililoungwa vizuri linavyoyumba baharini pasipo kuvunjika.

Boriti ya chini kabisa haikulazwa juu ya udongo. Ililazwa juu ya msingi mfupi wa mawe au matofali, ili unyevu wa ardhi usiufikie mti. Hiyo ndiyo sababu mojawapo kubwa ya nyumba hizi kuishi miaka mia nne na zaidi. Mti ukaao mkavu hudumu muda mrefu sana; mti ukaao majini siku zote nao hudumu; lakini mti uloao leo na kukauka kesho, hata uwe mwaloni, huoza upesi.

Nafasi zilizobaki kati ya boriti zilijazwa kiambaza. Vijiti vya mwaloni vilisimamishwa, fito nyembamba zikasukwa kati yake, kisha pande zote mbili zikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Juu yake palipakwa chokaa. Mtu wa Afrika ya Mashariki ajuaye kujenga nyumba ya fito na udongo hataona ugeni wo wote katika kazi hiyo. Tofauti kubwa ni uzito wa boriti, kwa sababu nyumba ya Kiingereza ilikuwa na orofa juu yake, na paa lake lilipaswa kuhimili theluji wakati wa baridi.

DOHANI NA KODI YA MOTO

Katika nyumba za Kiingereza za kale zaidi, moto uliwashwa katikati ya ukumbi, na moshi ukatoka wenyewe juu ya paa. Nyumba ya namna hiyo haikuweza kuwa na orofa juu ya ukumbi, maana watu wa juu wangesongwa na moshi. Katika karne ya 16 matumizi ya dohani za matofali yalienea katika nyumba za watu wa hali ya kati. Moshi ulipopata njia yake, mwenye nyumba aliweza kutandika mbao juu ya ukumbi na kupata vyumba vya kulala. Kwa hiyo dohani zile ndefu hazikuwa pambo tu. Ndizo zilizoigeuza nyumba ya chini kuwa nyumba ya orofa.

Walakini jambo hilo halikufichika machoni pa Serikali. Mwaka wa 1662, baada ya Mfalme Charles II kurudishwa katika kiti chake, Bunge liliweka kodi ya mahali pa moto. Kwa kila mahali pa kuwashia moto mwenye nyumba alitakiwa kulipa shilingi mbili kwa mwaka, ingawa maskini walisamehewa. Watoza kodi waliruhusiwa kuingia nyumbani mwa watu na kuhesabu. Jambo hilo liliwachukiza Waingereza kuliko fedha zenyewe, nayo kodi ikafutwa mwaka wa 1689. Miaka michache baadaye, mwaka wa 1696, ilikuja kodi ya madirisha, ambayo ilidumu mpaka 1851. Hata leo zipo nyumba nyingi Uingereza zenye madirisha yaliyozibwa kwa matofali, na baadhi yake yalizibwa ili kupunguza kodi hiyo. Wazee wa Kenya, ambao nyumba zao zilihesabiwa kwa ajili ya kodi katika siku za ukoloni, wataielewa vema chuki ya Waingereza wale dhidi ya mtu aingiaye na daftari.

UKUTA UNAVYOJENGWA ILI UDUMU

Kando ya nyumba iko bustani iliyozungukwa na ukuta wa matofali mekundu. Ukuta wa bustani ni kazi ngumu kuliko ukuta wa nyumba, ijapokuwa mtu asiyejua hudhani kinyume. Ukuta wa nyumba una paa la kuukinga, na una kuta nyingine za kuushika. Ukuta wa bustani husimama peke yake, ukipigwa na upepo na mvua pande zote mbili.

Jambo la kwanza ni jinsi matofali yanavyopangwa. Tofali likilazwa kwa urefu wake huonyesha ubavu. Likilazwa kuukata ukuta huonyesha kichwa. Mwashi akipanga mbavu tupu, pande mbili za ukuta hazitashikana, na siku moja upande mmoja utatoka tumbo na kuanguka. Kwa hiyo waashi wa Uingereza wa karne za 16 na 17 walizoea kupanga kozi moja ya mbavu, na juu yake kozi moja ya vichwa, na hivyo mpaka juu. Baadaye ulienea mtindo mwingine, wa kuchanganya ubavu na kichwa katika kozi ile ile. Mtu ajuaye mitindo hii huweza kuutazama ukuta wa zamani na kukisia umri wake, na mara nyingi huona palipobomoka na kujengwa upya.

Jambo la pili ni kofia ya ukuta. Juu kabisa huwekwa safu ya mawe au matofali yaliyotokeza kidogo nje, ili maji ya mvua yadondoke mbali na uso wa ukuta. Katika nchi ya baridi jambo hilo ni la lazima. Maji yakiingia ndani ya tofali, kisha yakaganda usiku, huongezeka ukubwa kwa kadiri ya asilimia 9, na nguvu hiyo hulibandua tofali uso wake. Ukuta uliopoteza kofia yake waweza kuharibika katika majira machache tu ya baridi, hata kama umesimama imara miaka mia mbili.

Jambo la tatu ni chokaa. Kuta za zamani zilijengwa kwa chokaa na mchanga, bila saruji ya siku hizi. Chokaa ni laini kuliko tofali. Ardhi ikitikisika au ukuta ukikaa chini kidogo, chokaa hukubali bila kulivunja tofali. Zaidi ya hayo, maji yaliyoingia ukutani hupata njia ya kutokea katika viungo vya chokaa. Katika karne ya 20 watu wengi walidhani kwamba watauimarisha ukuta wa zamani kwa kuuziba viungo vyake kwa saruji ngumu. Matokeo yake yalikuwa mabaya. Maji yalifungiwa ndani, yakatafuta njia kupitia tofali lenyewe, na wakati wa baridi tofali likapasuka, hali saruji imebaki imesimama kama kimia. Ndiyo maana leo mafundi watunzao majengo ya kale huikwangua saruji hiyo na kurudisha chokaa. Waashi wa pwani ya Kenya, ambao wazee wao walijenga kwa chokaa ya matumbawe, wana ujuzi wa namna hiyo hiyo katika mikono yao.

Kazi hiyo ya kutia chokaa viungoni si ya mara moja. Ni lazima ukuta ukaguliwe mwaka hata mwaka, na kila ufa uzibwe ungali mdogo. Waswahili walikwisha kusema zamani kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mtunza majengo maneno hayo ni hesabu ya fedha.

Katika majimbo mengine ya Uingereza, hasa Suffolk, kuna namna nyingine ya ukuta wa bustani, uendao kwa mawimbi kama nyoka. Mtu aweza kudhani kwamba ni upotevu wa matofali, lakini mara nyingi ni kinyume. Ukuta ulionyoka wenye unene wa tofali moja jembamba huangushwa na upepo usipowekewa nguzo, bali ukuta uliopindwa hujishikilia wenyewe kwa mawimbi yake. Na katika kila tumbo la wimbi, mti wa matunda hupata mahali pa kujikinga.

VIBANDA VYA PEMBENI NA UKUTA WENYE MOTO

Katika pembe nne za bustani ya Packwood viko vibanda vya matofali. Havikujengwa vyote kwa wakati mmoja. Cha zamani kuliko vyote ni cha siku za Mfalme Charles II. Kazi ya vibanda vya namna hii ilikuwa starehe: wenye nyumba waliketi humo na wageni wao, wakatazama bustani upande huu na mashamba upande ule.

Lakini kimojawapo kilikuwa na kazi ya ziada. Ndani yake palikuwa na mahali pa moto, na hewa yenye joto ilipitishwa katika njia zilizoachwa ndani ya ukuta. Ukuta ukapata joto, na miti ya matunda iliyopandwa ubavuni mwake ikapata joto pia.

Sababu ya taabu hiyo ni hali ya nchi. Pichi ni tunda la nchi za jua. Katika Uingereza mti wake huchanua mapema, wakati baridi kali bado yaweza kurudi usiku mmoja na kuyaua maua yote. Ukuta wa matofali uelekeao kusini hupokea jua mchana kutwa, hulihifadhi joto hilo, na kulitoa polepole usiku. Mkulima huyafunga matawi ya mti yakalala bapa juu ya ukuta kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, ili kila tawi liguse joto. Moto ukiongezwa ndani ya ukuta katika usiku wa hatari, maua huokoka. Waashi walipenda matofali kuliko mawe kwa kazi hiyo, kwa kuwa hushika joto vizuri, na pia kwa kuwa viungo vyake vingi hupokea misumari ya kufungia matawi.

NYUMBA THELATHINI ZA NYUKI

Kitu kinachowashangaza wageni kuliko vyote Packwood ni ukuta wa upande wa kusini, ambao hushikilia barabara ya juu ya bustani. Katika uso wake wa nje mmejengwa vishubaka 30, vimepangwa viwili viwili, kila kimoja na tao lake dogo juu. Mgeni asiyejua hudhani ni mahali pa kuwekea taa au sanamu. Kumbe ni mahali pa kuwekea mizinga ya nyuki.

Katika Uingereza ya zamani mzinga haukuwa gogo lililochongwa na kutundikwa mtini kama ule wa Wakamba na makabila mengine ya Kenya. Ulikuwa kapu la majani makavu, lililosukwa kwa kamba nene ya majani na kufunikizwa kinywa chini. Kapu hilo lilikuwa jepesi, la bei ndogo, na lenye joto. Ila lilikuwa na ubaya mmoja mkubwa, nao ni kwamba mvua ililiozesha. Vilevile upepo uliweza kulipindua. Maskini alilifunika kapu lake kwa majani mengine au kwa chungu kilichovunjika. Mwenye mali alijenga kishubaka ukutani.

Mahali pa vishubaka hivyo hapakuchaguliwa ovyo. Vinaelekea kusini, ambako jua huwapata nyuki na kuwatoa mapema kwenda kazini. Ukuta huwakinga na pepo za baridi zitokazo kaskazini. Tena viko karibu na bustani, mahali ambapo nyuki hupata maua nao huyarutubisha maua ya miti ya matunda. Hivyo upande mmoja wa bustani moto uliyaokoa maua, na upande mwingine nyuki waliyafanya yazae.

Asali ilikuwa kitu kikubwa katika nyumba ya siku zile. Sukari ilitoka mbali, na kwa muda mrefu ilikuwa ghali. Asali ilitumika kwa chakula, kwa dawa, na kwa kutengenezea kileo. Nta nayo ilitoa mishumaa mizuri isiyonuka, hali mishumaa ya mafuta ya wanyama ilitoa moshi na harufu mbaya.

Walakini ufugaji huo ulikuwa na ukatili ndani yake. Kapu la majani halina mlango wa kutolea masega. Mfugaji alipotaka asali, mara nyingi alichimba shimo dogo, akachoma kiberiti cha mawe ndani yake, akaliweka kapu juu, na nyuki wote wakafa kwa moshi. Kila mwaka ilimbidi achague makapu ya kuua na makapu ya kuacha yawe mbegu ya mwaka ujao. Mambo yalibadilika baada ya mwaka wa 1851, wakati Lorenzo Langstroth, mchungaji wa Kikristo wa Marekani, alipotambua kwamba nyuki wakiachiwa nafasi nyembamba ya kipimo maalum kati ya fremu na ukuta wa mzinga, hawaizibi kwa nta wala gundi. Kwa ujuzi huo alitengeneza mzinga wa sanduku wenye fremu zitolewazo moja moja, na asali ikapatikana pasipo kuua nyuki. Mzinga wake ulienea ulimwenguni, na wafugaji wengi wa Kenya wanao hata leo. Ulipofika Uingereza, vishubaka vya ukutani vikakosa kazi, kwa maana sanduku jipya lilikuwa na paa lake lenyewe.

MITI YA HOTUBA YA MLIMANI

Mbele ya ukuta wa nyuki imesimama miti zaidi ya mia iitwayo yuu, miti ya kijani kilichokoza, inayokatwa kwa mkasi mpaka ikawa kama pia zilizopinduliwa. Watu husimulia kwamba bustani hiyo ni mfano wa Hotuba ya Mlimani. Mti mmoja ulio juu ya kilima ni Bwana Yesu. Miti mikubwa 12 ni Mitume. Minne ni Waandishi wa Injili. Na ile midogo iliyotapakaa ni makutano.

Masimulizi hayo ni mazuri, lakini si yote yaliyo ya kale. Miti mikubwa ilipandwa katika karne ya 17. Ile midogo ilipandwa katika karne ya 19, mahali palipokuwa na miti ya matunda. Basi mtu aliyeipanda miti ya kwanza hakuwahi kuyaona makutano. Leo miti hiyo ina taabu nyingine: udongo wa Packwood ni mfinyanzi, ushikao maji, na yuu haipendi kusimama majini. Wakati wa mvua nyingi sehemu za bustani hufungwa ili nyayo za wageni zisizidi kuukandamiza udongo.

MWENYE NYUMBA ALIYEIRUDISHA NYUMA

Ukoo wa Fetherston ulikwisha katika karne ya 19. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba ilinunuliwa na Alfred Ash, tajiri wa Birmingham, ambaye mali ya ukoo wake ilitokana na viwanda vya kupaka chuma zinki ili kisishike kutu, yaani kazi ile ile ifanywayo katika kutengeneza mabati. Mwaka wa 1925 mwanawe, Graham Baron Ash, aliirithi. Baron ni jina lake tu, wala si cheo.

Bwana Ash alikuwa na shauku moja. Alitaka Packwood ifanane na nyumba ya karne ya 16 kuliko ilivyokuwa. Wamiliki waliotangulia walikuwa wametia madirisha ya mtindo wa baadaye. Yeye aliyatoa, akaweka ya vioo vidogo vilivyounganishwa kwa risasi. Ghala kuu la shamba aliligeuza kuwa ukumbi wa fahari, wenye sakafu ya mbao iliyotengenezwa kwa kuchezea dansi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akajenga ukumbi mrefu wa kuliunganisha na nyumba. Alinunua samani za kale, mazulia ya kutundika ukutani, na vitu vingine vya karne za 16 na 17. Baadhi yake vilitoka katika nyumba jirani ya Baddesley Clinton, ambayo wenyewe walikuwa wamepungukiwa na fedha.

Juu ya kazi hii kuna maoni mawili. Wengine husema kwamba Bwana Ash alivikusanya vitu vilivyokuwa karibu kutawanyika, na kwamba alitumia fedha zake kuokoa nyumba wakati ambapo nyumba nyingi za namna hiyo zilibomolewa. Maana katika karne ya 20 mamia ya nyumba kubwa za mashambani yalivunjwa Uingereza, kwa sababu ya kodi za urithi, gharama za matengenezo, na uhaba wa watumishi. Wengine husema kwamba kutoa dirisha la kweli la karne ya 18 ili kutia dirisha jipya lenye sura ya karne ya 16 ni kuidanganya historia. Maoni hayo ya pili yana mizizi ya zamani. Mwaka wa 1877 William Morris na wenzake waliunda chama cha kulinda majengo ya kale, na hoja yao kuu ilikuwa kwamba jengo litunzwe kama lilivyofika, pamoja na mabadiliko yake, kuliko kurudishwa katika umri ambao umekwisha pita.

Mwaka wa 1941, wakati wa vita, Bwana Ash aliitoa Packwood, pamoja na bustani na vitu vya ndani, kwa chama kiitwacho National Trust, iwe kumbukumbu ya wazazi wake. Chama hicho kilianzishwa mwaka wa 1895 kwa kutunza ardhi na majengo kwa faida ya watu wote, na sheria ya 1937 iliwawezesha wenye nyumba kubwa kukikabidhi mali zao na kuendelea kukaa humo. Bwana Ash alikaa mpaka 1947, kisha akahamia Suffolk.

Chama hakikujaribu kuyaondoa aliyoyafanya. Nyumba imeachwa kama alivyoiacha, na wageni huambiwa wazi ni kipi cha karne ya 16, kipi cha karne ya 17, na kipi kilichoundwa katika miaka ya 1920 na 1930. Njia hiyo yafaa kufikiriwa na kila nchi yenye majengo ya kale. Mtunzaji hawezi kurudisha kila kitu kilichopotea, wala hapaswi kuficha kilichoongezwa. Awezalo ni kuzuia maji yasiingie, kuziba nyufa kwa chokaa ifaayo, na kumwambia mgeni ukweli.

Kwa sasa vishubaka 30 vya Packwood vingali vimesimama katika ukuta wao, vikielekea jua. Makapu ya majani yalikwisha kuoza zamani, na nyuki waliokaa humo hawana kumbukumbu. Lakini mtu asimamaye mbele ya matao yale madogo huweza kuhesabu mizinga ya nyumba ile, akajua upande upepo ulikotoka, na akaelewa kwa nini mwashi hakuona taabu kutengeneza matao 30 katika ukuta ambao ungeweza kuwa mtupu.